Kampuni ya Bima Isimwache Mwenye Gari Mlangoni mwa Mahakama

MWENYE lori wa Kizwite, mjini Sumbawanga, anapokwenda kwa wakala kukata ile tunayoiita bima ndogo, mara nyingi kinachompeleka ni trafiki. Anajua kwamba akitoka kwenda Laela au Tunduma bila bima atasimamishwa njiani. Analipa, anapata stika, na tangu hapo mawazo yake yote yako kwenye magunia ya mahindi aliyopakia. Mkataba wenyewe hausomi, na hata akitaka kuusoma, mara nyingi umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili.

Hatumlaumu sana. Lakini yafaa ajue alichonunua. Bima ndogo haitengenezi lori lake likipinduka wakati wa kushuka Lyamba lya Mfipa kwenda kupakia mpunga bondeni. Bima hiyo inamhusu mtu mwingine: mpita njia, mwendesha baiskeli, au mtu yeyote ambaye gari hilo limemjeruhi au kumwua. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inailazimisha kampuni kulipa fidia iliyoamriwa na mahakama dhidi ya mwenye gari, mradi kampuni imearifiwa juu ya kesi hiyo katika muda uliowekwa. Huo ndio wajibu wa kulipa, na wengi wamepata kuusikia.

Upo wajibu wa pili ambao hausemwi, nao ni kumtetea mwenye gari kabla hukumu haijatoka. Hapa ndipo penye kasoro.

Katika mikataba mingi ya bima ya magari iliyofuata mtindo wa Kiingereza, kampuni imejipa haki ya kuishika kesi kwa jina la mwenye gari, kumchagulia wakili na kuamua kama wadai walipwe nje ya mahakama. Mwenye gari, kwa upande wake, amekatazwa kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Soma vizuri: kampuni ina haki, mwenye gari ana makatazo. Kwa maneno mengine, mtu amefungwa mdomo, lakini hakuna aliyelazimishwa kumsemea. Kule Marekani mambo hayako hivyo. Mahakama za huko zimeshikilia kwamba wajibu wa kutetea ni mpana kuliko wajibu wa kulipa. Madai yakionekana tu kuwa huenda yanaangukia ndani ya bima, kampuni hutakiwa kusimama na mteja wake, hata kama mwishowe madai hayo yatadhihirika kuwa hayana msingi. Hatusemi tuige kila kitu cha Marekani, lakini hili ni la haki.

Tuchukue mfano. Lori la mtu wa Kizwite limemgonga mwendesha baiskeli karibu na Laela, naye amefariki. Dereva anafikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Yuko peke yake, ana hofu, na pembeni yupo mtu anayemnong'oneza kwamba akikubali kosa atatozwa faini na kurudi nyumbani jioni. Anasema, "Ni kweli." Faini inalipwa, na tajiri wake anadhani mambo yamekwisha.

Hayajaisha hata kidogo. Warithi wa marehemu wana miaka mitatu ya kufungua madai ya fidia. Na Sheria ya Ushahidi inasema kwamba hukumu ya mwisho ya kesi ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Siku ya kesi ya madai wakili wa kampuni atakuja na faili lake, akute utetezi ulikwishafungwa zamani kwa maneno yale mawili ya dereva. Kama dereva alikuwa na kosa kweli, warithi wapate haki yao upesi, wala hatutaki ijengewe vikwazo. Lakini kama baiskeli ilikatiza ghafla gizani bila taa, nani aliyekuwepo kulisema hilo? Kampuni inayotaka mteja wake asikiri kosa inapaswa kuwa naye siku ile anapoulizwa kama anakiri.

Kuna na suala la rambirambi. Katika mila zetu mtu hawezi kuua kwa bahati mbaya kisha akae kimya. Atapeleka unga, atachangia jeneza, atakwenda kuwapa pole wafiwa. Huo ni uungwana, na kampuni isijaribu kuugeuza kuwa kukiri kosa. Lakini kutia saini karatasi mbele ya ofisa wa kijiji ukiahidi kulipa milioni kadhaa ni jambo jingine kabisa. Asiye na wakala wa kumweleza tofauti hiyo atajikuta ameitia saini.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 bima iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, na mwananchi alijua mlango wa kugonga. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilifungua njia kwa kampuni nyingine, na leo mwananchi anagombewa na mawakala. Hilo si baya. Ila wakala aliye mwepesi wa kuuza asiwe mgumu wa kupatikana samansi inapofika.

Kwa hiyo tunaiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima izitake kampuni kuandika utetezi katika mikataba kama wajibu na si kama haki tu, kuanzia mahakama ya trafiki, na kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Kampuni ikiona bima haihusiki, iseme mapema kwa maandishi na kutoa sababu, ili mteja atafute wakili wake mwenyewe. Isimwache mpaka itoke hukumu ya upande mmoja, na dalali wa mahakama aje kulikamata lori.

Mwenye gari naye asikae na samansi mfukoni akingoja wakala apite. Aipeleke siku hiyo hiyo, pamoja na barua, na nakala yake igongwe mhuri wa kampuni wenye tarehe. Akizungushwa, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambayo imewekwa kisheria kusikiliza malalamiko ya namna hiyo, na nakala ile yenye mhuri ndiyo ya kwanza atakayoulizwa.