Mwalimu Mnasihi Naye Huchoka

Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, mnasihi ni mwalimu yule yule mwenye vipindi na madaftari ya kusahihisha. Humsikiliza binti aliyebakwa, kisha kengele humrudisha darasani. Miaka ikipita huanza kusema, "Kazi hii siiwezi." Wakuu wake hudhani amepungukiwa ujuzi, wakampeleka semina.

Ainisho la 11 la magonjwa la Shirika la Afya Duniani, lililopitishwa mwaka 2019, hueleza uchovu wa kikazi kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na mtu kujiona hana ufanisi. Hilo la tatu husahauliwa. Kupotewa na hali ya kujiamini kwaweza kuwa zao la mzigo, wala si ushahidi wa udhaifu. Na semina haiupunguzi mzigo huo (pengine huuongeza, maana vipindi vilivyokosekana humngoja).

Apunguziwe vipindi, apate na mtaalamu wa kumsikiliza yeye. Watumishi wa afya nao wana sehemu yao. Mnasihi ampelekaye mwanafunzi hospitali mara nyingi hapati jibu lolote. Mistari miwili, kwa ridhaa ya mgonjwa, ingemjulisha kwamba alimtambua mapema.