Tingatinga Halisomi Ripoti

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina haja ya kuwapaka maprofesa mafuta. Lakini Mukuru walifanya kazi. Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Berkeley walizunguka na Muungano wa Wanavijiji, wakaandika kitu mathe wa mtungi alijua kitambo: maji ya ghetto ni ghali kuliko ya mtaa wa wenye nazo. Mwaka 2017 kaunti ikaitangaza Mukuru eneo maalum la mipango, wenyeji wakakaa chini wakapanga.

Maji na barabara zilikuja kiasi, tusikatae. Halafu mafuriko ya 2024. Serikali ikatuma nini? Tingatinga. Mita 30 kutoka mtoni, bomoa.

Msituambie ati utafiti zaidi unahitajika. Fungueni ile mipango. Wenyeji walishawaandikia.