Wahudumu wa wazee hawakimbii wazee

Mwandishi wa makala kuhusu wahudumu wa wazee wanaoacha kazi, umegusia mishahara, na ni kweli inaumiza. Lakini mimi nahudumia wazee majumbani mwao hapa Uingereza, na naona kinachowakimbiza wenzangu kazini ni saa. Ratiba inakupa dakika 15 kwa bibi mmoja: umwamshe, umbadilishe nepi, umpe dawa, umwandalie chai. Akianza kukusimulia habari za marehemu mumewe, wewe tayari unavaa koti. Kampuni niliyoanzia haikulipa muda wa njiani kati ya nyumba na nyumba, basi unatoka alfajiri, unarudi usiku, unalipwa kama aliyefanya kazi nusu siku.

Februari 2022 serikali ilijaribu kuziba pengo la wafanyakazi kwa viza za wahudumu kutoka ng'ambo, wakiwemo Wazimbabwe na Wanigeria wengi. Machi 2024 ikazuia wanaokuja wasilete wenzi wala watoto. Julai 2025 ikasitisha ajira mpya za kutoka nje. Pengo bado lipo, na anayeumia ni mzee mwenye maradhi ya kusahau, anayevuliwa nguo na mgeni mwingine kila wiki. Tulipwe muda wa njiani, turudishiwe nusu saa kamili kwa kila mzee. Wengi wetu tungebaki.