Kuku wa wiki sita: Tunaogopa homoni, tunasahau dawa

Kuanzia Soko la Kisutu jijini Dar es Salaam hadi Nakasero mjini Kampala na Kimironko jijini Kigali, mnunuzi wa kuku huanza na swali lilelile: huyu ni wa kienyeji au wa kisasa? Akijibiwa kuwa ni wa kisasa, wengi hukunja uso. Watamnunua kwa sababu bei yake inabebeka, lakini moyoni wanaamini kwamba ndege aliyetoka kwenye yai wiki 6 zilizopita hawezi kufika kilo moja na nusu bila kudungwa homoni.

Imani hiyo ina gharama. Mlaji asiyejua chakula chake kinavyozalishwa huogopa kitu ambacho hakipo na kuacha kuuliza kuhusu kilichopo. Serikali nazo, kila zinapofunga mpaka, husema zinamlinda yeye. Katika kanda ambayo kifaranga, chakula chake na yai lake huvuka mipaka kila siku, kutojua huko hulipwa na wafugaji na walaji wa nchi zote.

Tuanze na homoni. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye chakula, tumbo la kuku litaimeng'enya kama linavyomeng'enya soya au dagaa, na haitafanya kazi. Ingebidi kila kuku adungwe sindano, tena mara nyingi. Mfugaji mwenye kuku 5,000 ndani ya banda, anayehesabu faida yake kwa shilingi chache kwa kila ndege, hana mikono wala fedha za kazi hiyo.

Kinachomkuza kuku huyo ni mbegu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kulea pamoja kuku wa mbegu tatu: ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005. Wote walipewa chakula cha aina moja. Walipofikisha siku 56, wa mbegu ya 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808 na wa 2005 gramu 4,202. Tofauti ilitokana na miongo ya kuchagua wazazi wanaokua haraka na kuwazalisha, jambo ambalo mfugaji wa ng'ombe hulifanya anapochagua dume.

Baada ya mbegu huja chakula, ambacho hubeba sehemu kubwa kuliko zote ya gharama za mfugaji. Hapa ndipo ushirikiano wa kanda unapoonekana bila hotuba. Ndani ya gunia moja la chakula cha kuku kunaweza kuwa na mahindi ya Uganda, mashudu ya alizeti ya Singida, soya ya Malawi au Zambia, na samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao Mtanzania huwaita dagaa, Mkenya omena na Mganda mukene. Hata kiini cheupe cha yai, ambacho wengi hukiona kuwa dalili ya yai bandia, kinatokana na gunia hilo. Kuku anayelishwa mahindi meupe hutaga yai lenye kiini kilichopauka. Anayekula majani au mahindi ya njano hutoa kiini cha rangi kali. Rangi hiyo haitoshi kukuambia kama yai ni salama.

Je, basi mlaji hana la kuogopa? Analo, nalo ni dawa. Kuku wengi wakiishi katika banda moja, ugonjwa ukiingia huenea haraka. Ndiyo maana mfugaji makini huchanja dhidi ya mdondo, gumboro na ndui. Chanjo hizo si tatizo. Tatizo huanza pale antibaiotiki inapotumiwa kuziba pengo la usafi, au inapotolewa kuku akiwa karibu kupelekwa sokoni. Katika nchi zetu dawa hizo hununuliwa kwenye maduka ya pembejeo, mara nyingi bila cheti cha daktari wa mifugo.

Kila dawa ya aina hiyo ina siku za kusubiri, yaani muda unaotakiwa kupita kati ya dozi ya mwisho na kuchinja kuku au kuuza mayai yake. Chukua mfano wa mfugaji anayepata mayai 800 kwa siku. Akitakiwa kusubiri siku 7, anapaswa kuacha kuuza mayai 5,600, ambayo ni zaidi ya trei 186. Jirani yake asiyesubiri atauza yote kwa bei ileile, kwa mteja yuleyule ambaye hakuuliza lolote. Soko letu linamwadhibu mwaminifu. Mabaki ya dawa yakiendelea kuingia kwenye sahani, na bakteria wakizoea dawa huko bandani, anayeumia mwisho ni mgonjwa aliyelazwa hospitali ambaye antibaiotiki haimsaidii tena.

Hofu ya mjini, kwa hiyo, haikutoka hewani. Mwaka 2023 maofisa wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda waliieleza kamati ya Bunge kwamba walikuwa wakijua kwa miaka kadhaa kuwa baadhi ya wafugaji huwapa kuku na nguruwe dawa za kupunguza makali ya VVU. Mlaji aliyekuwa akiulizia homoni alikuwa na haki ya kushuku, ila alielekeza swali lake pasipohusika.

Sasa tazama yanayotokea mpakani. Oktoba 2017 mamlaka za Tanzania ziliteketeza kwa moto vifaranga wapatao 6,400 waliotoka Kenya na kukamatwa Namanga, zikieleza kuwa waliingizwa kinyume cha sheria na kwamba wangeweza kuleta magonjwa. Tahadhari haikuwa bila msingi, kwa kuwa mapema mwaka huohuo mafua ya ndege yalikuwa yamethibitishwa Uganda. Lakini moto ule haukumwambia mlaji wa Arusha wala wa Nairobi kama vifaranga wale walikuwa wagonjwa. Ulibakiza hasira pande zote mbili, na hisia kwamba kuku wa jirani ni hatari kwa sababu tu ni wa jirani.

Linganisha na mahindi. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Wakulima na wasafirishaji waliathirika na malalamiko yalikuwa makubwa. Hata hivyo, ndani ya siku chache biashara iliruhusiwa tena kwa masharti, likiwamo la kuonyesha cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho ndicho kilichomo katika viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki. Ugomvi ulikuwapo, lakini palikuwa na kipimo cha kuumaliza, na kipimo hicho hakiulizi uraia wa gunia.

Kuku anahitaji utaratibu kama huo. Kadi ya banda inayoonyesha chanjo, dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, ikiambatana na shehena kutoka shambani hadi machinjioni na kukubaliwa Namanga, Busia, Rusumo na Gatuna, ingemsaidia mlaji kuliko marufuku. Wizara za mifugo zikipima mabaki ya dawa sokoni na kutangaza matokeo, tutajua ni nani anayesubiri na nani anayekimbilia fedha.

Hayo ni ya serikali. La mnunuzi ni dogo na linaweza kuanza leo. Akifika sokoni au kwenye bucha, baada ya kuuliza kama kuku ni wa kienyeji au wa kisasa, aulize na hili: alipewa dawa lini mara ya mwisho? Huenda muuzaji asijue. Wateja kumi wakimuuliza siku moja, kesho yake naye atampigia simu mfugaji.