Nani Kasema Salamu ni Porojo?

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, semina zimekuwa nyingi hapa mjini kuliko zabibu. Inayopendwa siku hizi ni ile ya "mawasiliano yenye tija". Nimeketi kwenye tatu, na zote tatu, kwa maneno tofauti, zimeniambia jambo moja: Mtanzania anapoteza muda kwenye salamu. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, mvua je huko kwenu. Hizo zote porojo, ruka, nenda kwenye hoja. Kisha mwezeshaji anabonyeza slaidi inayofuata na kutangaza kwamba sayansi ya tabia imethibitisha kuwa mazungumzo mazuri hujengwa kwa maswali. Ukumbi mzima unaandika. Mimi nilitamani kucheka, ila posho ilikuwa haijatoka.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na sayansi yenyewe. Alison Wood Brooks, anayefundisha mazungumzo kama somo pale Harvard, alitoa kitabu chake Talk mwaka 2025, na ni kitabu kizuri, cha mtu anayependa watu. Anayasimamisha mazungumzo juu ya nguzo nne: mada, kuuliza, ucheshi na wema. Mimi nguzo ya pili ndiyo iliyonishawishi zaidi. Utafiti alioufanya na wenzake, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba anayeuliza zaidi hupendwa zaidi, hasa anayeuliza maswali ya kufuatilia. Swali la kufuatilia ni lile linalozaliwa na jibu ulilopewa: umesema mtoto anaumwa, nakuuliza tangu lini. Huwezi kulibeba kutoka nyumbani. Lazima uwe umesikiliza.

Sasa twende soko la Majengo asubuhi, kwa mama ninayenunua kwake mlenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Za nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Wote wazima?"

"Wazima, tunashukuru."

"Na yule mdogo?"

"Yupo, ila ndo hivyo, kifua kinambana tangu juzi."

Hebu hesabu. Habari yenyewe imekuja kwenye swali la tatu. Ukifuata ushauri wa semina unaondoka na mlenda wako na risiti ya "nzuri tu", na kesho yake unashangaa mbona meza ya mama ni tupu.

Wageni wengi, na siku hizi hata wenyeji wenye haraka, husema Waswahili ni waongo: mtu hali yake mbaya, ukimuuliza anasema nzuri. Hawakukaa wakaisikia "ila". Hiyo "nzuri" ya kwanza inampa muulizaji njia ya kuondoka bila aibu kama hana muda, na inampa mjibuji nafasi ya kupima: huyu anataka kujua kweli, au anapita tu? Swali la pili ndilo linalomjibu. Kila aliyelelewa na lugha hii anajua kuisubiri "ila", na anajua hata kile kimya kidogo kinachoitangulia. Barua zetu za zamani zilifanya vilevile. Mwandishi alikuwa mzima, hofu na mashaka yakawa juu ya mwandikiwa, na dhumuni la barua likaja chini kabisa, mara nyingi likiwa ni hela ya nauli.

Halafu kuna hili la mvua. Ukitaka kutaja maongezi matupu kwa Kiingereza, hali ya hewa ndiyo mfano wa kwanza. London, labda. Huku uwanda wa kati tunapata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, katika msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Mtu wa Bahi au Chamwino akikuuliza "mvua huko kwenu?" anauliza mtama utakuwa bei gani mwezi wa tisa, anauliza kama mifugo itahamishwa, anauliza kama wewe ndugu yake utakuwa na chakula cha kumkopesha au utakuja kukopa kwake. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliua kwa makadirio watu 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo. Watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo hawaulizi mvua ili kupitisha muda.

Na gharama ya kuruka salamu si ya heshima tu. Mwaka juzi nilimsindikiza mama yangu mdogo zahanati. Muuguzi alikuwa na foleni ndefu na wala hakuwa mtu mbaya. "Shida nini?" "Kichwa." Akaandikiwa vidonge vya maumivu, mwingine apite. Getini tukamkuta mama anayefagia uwanja. Wakaanza na mbukwa ya Kigogo, wakapita kwenye mvua, wakapita kwa wajukuu, na kwenye swali la nne au la tano mama mdogo akasema vidonge vyake vya presha anavikata nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Ilikuwa mara ya kwanza anamwambia mtu. Tukarudi ndani.

"Shida nini?" iliokoa labda dakika mbili. Huyo muuguzi hakujitungia. Alifundishwa kwamba kwenda moja kwa moja ndiyo utaalamu, na waliomfundisha ni ndugu wa hao wa semina.

Sasa, msiniweke kwenye kundi la wale jamaa wanaosema "sisi Waafrika tumejua kuongea tangu zamani, Wazungu wasituambie". Kundi hilo linanichosha kuliko semina. Ni kweli, mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliandika kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Ukisoma "utafiti umeonyesha binadamu", uliza kwanza ni binadamu wa wapi. Lakini mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walipima lugha kumi kutoka mabara mbalimbali, mojawapo ikiwa ya wawindaji wa Namibia, wakakuta kote watu hujibu swali kwa wastani wa karibu sehemu ya tano ya sekunde, huku tofauti kati ya lugha na lugha zikiwa ndogo sana. Kwa hiyo yako mambo ambayo ni ya watu wote, na hatuna haki ya kujitenga kisiwani kila tukipimwa.

Zaidi ya hayo, salamu zetu zina ubaya wake, na ubaya huo una jina: shikamoo. Naipenda, nimeiamkia mama wa mlenda hapo juu, lakini inapanga nani anauliza na nani anaulizwa. Ule utafiti wa 2017 ulikuwa wa watu walioongea karibu sawa kwa sawa. Nenda Mtumba, ofisi yoyote, karani wa miezi sita amuulize mkurugenzi swali la kufuatilia, halafu lingine. "Unanihoji?" Mkwe naye hamfuatilii baba mkwe kwa maswali. Mgonjwa hamfuatilii daktari. Hapa ndipo sayansi ya tabia ingetusaidia kweli, kwa sababu ina ujasiri wa kupima vitu ambavyo sisi tumevifunika kwa neno "adabu". Mbona hakuna mwezeshaji hata mmoja aliyeligusa hilo? Najua mbona. Wakurugenzi ndio wanaolipia ukumbi.

Nguzo ya ucheshi ndiyo iliyoharibika zaidi njiani. Brooks anasema vizuri tu kwamba mazungumzo hufa kwa uchovu mara nyingi kuliko kwa uhasama, na kwamba utani mdogo huyafufua. Ikifika kwenye slaidi za Dodoma inakuwa: "mtanie mwenzako". Jamani. Hii ni nchi yenye taasisi nzima ya utani. Radcliffe-Brown aliandika makala yake maarufu juu ya mahusiano ya utani mwaka 1940, na Peter Rigby, aliyekaa na Wagogo na kuandika kitabu kizima juu ya ng'ombe na udugu wao, aliandika juu ya utani wa koo zao mwaka 1968. Utani una masharti. Mtani wako ni nani kwako, na wewe ni nani kwake, hilo linajulikana kabla mdomo haujafunguka, na anayekutukana leo ndiye atakayekuja msibani kwako kufanya vituko wakati wengine wote wanalia. Leseni inalipiwa kwa wajibu.

Toa leseni uone kinachobaki. Vile vichekesho vya Dar es Salaam kuhusu Mgogo na kuomba, mnavijua, sivirudii. Wanaovisema wengi hawana utani na Mgogo yeyote, hawatamzika, hawatampa debe la mtama. Na kinachochekwa, ukikifuata nyuma kidogo tu, ni ukame. Ukimwambia mtu wa ofisini "mtanie mwenzako" bila kumuuliza ana wajibu gani kwake, unamkabidhi kisu na kukiita ucheshi.

Kinachonikera mimi kama msomaji ni umbo la semina zenyewe. Nimeliona mahali. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, jirani kabisa na huo Mji wa Serikali wa sasa. Aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo (1954), na ndiye aliyetupa ngonjera, ushairi wa watu wanaojibizana. Ngonjera za UKUTA zilitoka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshafariki. Namheshimu sana. Lakini ngonjera tulizosoma shuleni tulijua zinavyokwisha tangu beti la kwanza: mmoja anajua, mwingine hajui, na wakifika mwisho asiyejua ameelimika na anashukuru. Yule mjinga hakuwahi kuuliza swali ambalo mjuzi hakuwa na jibu lake mfukoni. Hayo si majibizano, ni hotuba iliyogawanywa kwa sauti mbili. Semina ya mawasiliano yenye tija ni ngonjera hiyohiyo, tofauti ni chai na sambusa katikati.

Na ugonjwa huo umeingia kwenye hadithi zetu. Mhariri mmoja alinirudishia hadithi, salamu za mkwe na mama mkwe zimepigwa mstari mwekundu kurasa mbili nzima: "zinachelewesha". Katika salamu hizo mama mkwe anachelewa kusema "nzuri" mara moja tu, ya tatu, na hapo ndipo binti anapojua kwamba mume amesharudi kijijini bila kumwambia. Zikiondoka, inabidi mtu aje aseme, "Mumeo yuko hapa." Ndiyo maana wahusika wetu wengi siku hizi wanaongea kama maandishi ya chini ya filamu ya kutafsiriwa.

Nina pendekezo kwa vijana wa UDOM. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha majaribio waliyofanya kwa abiria wa treni na mabasi ya Chicago. Wengine waliombwa waongee na mtu wasiyemjua, wengine wakae peke yao. Watu walitabiri kwamba kukaa kimya kungewafurahisha zaidi. Ikawa kinyume: walioongea ndio waliofurahia safari. Sasa sisi treni ya SGR inafika Dodoma tangu Julai 2024, saa tatu na nusu hivi kutoka Dar, na mabehewa yana kimya ambacho kwenye basi la Dar hukipati hata usiku. Kila mtu kachomeka waya masikioni. Maabara mnayo, tena ina kiyoyozi. Kundi la kwanza likae kimya. La pili lianze na swali zuri la kitabuni. La tatu lisalimie tu kama mtu aliyelelewa, lingoje jibu, kisha liulize jambo moja juu ya jibu hilo. Tiketi za watu kumi wa kundi la tatu nalipa mimi, daraja la kawaida.