Kila Nafsi na Mzigo Wake

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kukubali toba na kusamehe makosa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, jioni moja baada ya swala ya Alasiri nilikuwa nikidarsisha msikitini kuhusu itikadi ya Wakristo juu ya dhambi na ukombozi. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na darsa ikasikika mtaa mzima. Nilipotoka nilimkuta fundi seremala mmoja, Mkristo, jirani wa msikiti, ananisubiri nje. Akaniamkia kwa adabu, kisha akasema: "Ustadhi, nimekusikiliza. Sisi tunaamini Yesu alitulipia deni letu. Nyinyi mnasema kila mtu atalipa lake. Basi naomba unisemee kwa mzee mmoja wa hapa kwenu. Milango niliyomtengenezea, huu mwaka wa pili hajanilipa."

Maneno yale yalinikosesha usingizi. Nimeona niyafanye kuwa tahariri ya mwezi huu.

Wanachokiamini hasa

Insafu ni katika dini. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328 Miladia), alipoijibu risala iliyotoka kwa Wakristo wa kisiwa cha Cyprus katika kitabu chake al-Jawab as-Sahih, aliyanakili kwanza maneno yao, kisha ndipo akayajibu. Nasi tufuate mwendo huo.

Wakristo walio wengi wanaitakidi kuwa Adamu alipokula katika mti aliokatazwa, dhambi iliingia ulimwenguni, na mwanadamu hawezi kujinasua nayo kwa amali zake. Tegemeo lao kubwa ni mlango wa tano wa Waraka wa Paulo kwa Warumi, unaomlinganisha Adamu, aliyekuwa mlango wa dhambi, na Yesu, aliyekuwa mlango wa neema. Mtu aliyeipa itikadi hii sura yake katika Kanisa la Magharibi ni Augustino (354–430), askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo. Yeye alishikilia kuwa wazao wa Adamu wamerithi hatia pamoja na udhaifu na mauti. Akapingwa na Pelagius, aliyesema kuwa kosa la Adamu lilimdhuru Adamu mwenyewe. Mafundisho ya Pelagius yakahukumiwa kuwa upotofu na baraza la maaskofu lililokutana Carthage mwaka 418. Ama makanisa ya Mashariki, kama ya Wagiriki na Warusi, hayakumfuata Augustino katika hilo: kwao kinachorithiwa ni mauti na udhaifu wa maumbile, wala si hatia.

Na vipi kifo cha msalabani kinafuta dhambi? Jibu mashuhuri lilikamilishwa mwaka 1098 na Anselm, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza. Hoja yake ni kuwa dhambi ni kumnyima Mungu heshima anayostahiki, na kwa kuwa ukuu wa Mungu hauna mpaka, deni hilo nalo halina mpaka. Anayewajibika kulipa ni mwanadamu, naye hana uwezo. Mwenye uwezo ni Mungu, naye hadaiwi. Basi hapana budi alipe aliye Mungu na mtu kwa pamoja. Hoja hii iliulizwa maswali hata miongoni mwao: Peter Abelard (1079–1142) wa Ufaransa alistaajabu vipi Mungu aridhike kwa damu ya asiye na kosa, na akauona msalaba kuwa ni onyesho la mapenzi linaloamsha mapenzi katika nyoyo. Katika karne ya 16 Calvin na wanamageuzi wenzake wakasema kuwa Yesu aliibeba adhabu yenyewe iliyowastahiki wenye dhambi.

Tuseme pia neno moja la haki. Si kweli kuwa mafundisho haya yanampa Mkristo ruhusa ya kuasi apendavyo. Paulo mwenyewe analikataa wazo hilo katika mlango wa sita wa waraka ule ule. Anayelisema hilo juu ya mimbari au katika mihadhara anamzulia jirani yake, na kuzua ni haramu hata kwa asiyekuwa Muislamu.

Jibu la Uislamu

Kwanza, kosa la Nabii Adam (a.s.) halikubaki la kurithiwa. Suratul-Baqara, aya ya 37, inatueleza kuwa alipokea maneno kutoka kwa Mola wake, na Mola wake akapokea toba yake. Jambo likaishia hapo. Na katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya fitra. Mtoto mchanga hana deni la mtu.

Pili, Qur'ani inakariri mahali patano kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine: katika An'am, Israa, Fatir, Zumar na Najm. Na Suratun-Najm inaongeza kuwa hayo yalikuwemo katika maandiko ya Musa na Ibrahim (a.s.). Hili si jambo geni hata kwa Wakristo, kwani mlango wa 18 wa Ezekieli katika Biblia yao unafundisha kuwa mwana hauchukui uovu wa baba yake.

Tatu, mwenye kudai akisamehe kwa hiari yake, deni limekwisha na halihitaji mlipaji mwingine. Allah ni Ghafur na ni 'Afuw; husamehe kwa kuwa ameridhia kusamehe.

Hapa Mkristo mwenye fikra atauliza: Ikiwa Mungu anasamehe bila ya malipo, uadilifu uko wapi? Dhuluma aliyotendewa mnyonge inakwenda wapi? Ndugu zangu, swali hili ni zito, na tusilipite kwa kelele za takbira. Jibu lake tunalo. Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika Riyadhus-Salihin, kitabu kinachosomwa misikitini mwetu, ameeleza kuwa toba ina masharti matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia kabisa. Lakini kosa likiwa limegusa haki ya mwanadamu, huongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumtaka radhi. Hivyo haki ya mnyonge haipotei. Aliyeichukua ndiye atakayeirudisha, hapa duniani kwa mali, au kesho Akhera kwa thawabu zake. Huyo wa Akhera ndiye muflisi aliyeelezwa na Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Muslim: anakuja na swala, saumu na zaka, na mikononi mwake kuna dhuluma za watu. Watu wanagawana mema yake mpaka yanamalizika, kisha anatwikwa maovu yao. Hatwikwi maovu hayo kwa kuwa mrithi wa mtu, bali kwa kuwa yeye ndiye aliyedhulumu.

Tujitazame na sisi

Basi ikiwa hii ndiyo aqida yetu, mbona tunaishi kinyume chake?

Yuko miongoni mwetu anayemcheka Mkristo kwa kuamini damu ya kafara, na mwanawe akiugua huchinja mbuzi wa rangi aliyoagizwa na mganga, akaiacha sehemu ya nyama njia panda ili nuksi imhame. Katika baadhi ya miji ya mwambao ng'ombe amekuwa akizungushwa mji kabla ya kuchinjwa ili aondoke na balaa za wakazi. Kafara ya sheria yetu si hiyo. Aliyevunja kiapo hulisha masikini kumi kwa mali yake mwenyewe, kwa kosa lake mwenyewe, naye hamtwiki mnyama dhambi wala mkosi.

Yuko mwingine anayeamini kuwa baba yake aliyekula mali ya mayatima ataokoka kwa khitma ya kulipia, huku mayatima wale wale wakipita mlangoni bila ya kurudishiwa shamba lao. Hatukatai dua ya mtoto mwema, wala sadaka kwa maiti, wala shafaa kwa idhini ya Allah. Hata deni la mali linaweza kulipwa na mtu mwingine: Abu Qatada (r.a.) alilidhamini deni la maiti ndipo Mtume (s.a.w.) akamswalia. Lakini tazama, ndugu yangu: kilichofunguliwa njia pale ni kumfikishia mwenye haki haki yake. Sisi tumeiacha haki tukachukua karamu. Na Mtume (s.a.w.) alimwambia binti yake Fatma (r.a.) kuwa amuombe atakacho katika mali yake, lakini mbele ya Allah hatamfaa kitu. Nani basi atamtegemea shekhe wake?

Ama mzee wa milango, nilimwendea baada ya swala ya Isha. Hakulikana deni. Aliniambia kwa utulivu: "Mwalimu, mimi nimeshahiji. Ya nyuma yote yamefutwa." Nikamkumbusha kuwa hata shahidi, katika hadithi ya Muslim, husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Akanyamaza kwa muda mrefu. Wiki ile alilipa nusu, na nusu iliyobaki akaimaliza baada ya mavuno. Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti nisimtaje jina. Namuombea kheri, kwani wangapi kati yetu wangeruhusu?

Ndugu Waislamu, mzee yule alikuwa ameikataa itikadi ya ukombozi kwa ulimi, akajitengenezea yake kwa Hija. Kila mmoja wetu aitazame ya kwake. Kabla ya kwenda kujadiliana na jirani juu ya nani aliyelipa deni la Adamu, tuhakikishe kuwa jirani huyo hatudai.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyokukosea, na utuwezeshe kurudisha tuliyowadhulumu waja wako kabla ya siku ambayo dinari na dirhamu hazitafaa kitu. Amin.

Wabillahi tawfiq.