Kazi za Nyumbani na Nyumba Zenyewe

Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, lipo jambo moja ambalo aghalabu hulifanya bila kulifikiri sana. Dakika chache kabla ya kengele ya mwisho huandika ubaoni maswali kumi, akapigia mstari chini yake, akasema: "Haya mtayafanya nyumbani." Andalio la somo lina nafasi ya kazi hiyo, naye ameijaza. Katika maandalio tuliyoyapitia hatujapata kuona hata moja lililoeleza kazi hiyo itafanyiwa wapi, kwa mwanga gani, na nani atakuwa karibu na mtoto. Maoni yetu ni kwamba kazi nyingi za nyumbani zitolewazo katika madarasa ya chini hupima nyumba anayotoka mtoto, wala hazimpimi mtoto mwenyewe. Kesho yake adhabu humwangukia yeye.

Na tuitazame Kizota, kata ya Dodoma iliyo kando ya barabara iendayo Singida. Hapo pana maghala ya nafaka na viwanda. Pana familia za Wagogo ambazo zingali na mashamba ya uwele na mtama nje ya mji. Na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, uamuzi uliokuwa umekatwa tangu mwaka 1973, pana pia watumishi na wafanyabiashara waliotoka kila mkoa. Watoto wao wote waweza kukutana katika dawati moja. Wa kwanza ana baba aliyesoma chuo kikuu, ana meza, na simu ya baba hupokea ujumbe wa mwalimu. Wa pili mama yake huuza mboga hadi magharibi, na mtoto ndiye atekaye maji na kumbeba mdogo wake. Wa tatu anaishi na bibi yake, ambaye Kigogo ndicho alichokulia nacho na shule hakupata. Maswali kumi ya ubaoni ni yale yale kwa wote watatu.

Mwanga nao una habari yake. Katika Dodoma jua huchwa kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, mwaka mzima, kwa tofauti ndogo tu. Mtoto atokaye shule alasiri, akapita kisimani na dukani, anabakiwa na muda mfupi sana wa nuru isiyolipiwa. Baada ya hapo atategemea umeme, nao huenda umekwisha kwenye mita mpaka fedha zipatikane, au kibatari ambacho watu watano wanakihitaji. Tena mwaka wa shule huanza Januari, mvua za Dodoma zikiwa zimeshika, na wakati huo ndio wa palizi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, nayo ni haba, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka. Mzazi asiyepalilia kwa wakati hatavuna. Mwalimu atakayesema kwamba mzazi huyo hajali elimu, kwa kuwa mwezi wa Januari na Februari hakulitazama daftari, amesema neno ambalo hakulichunguza.

Kisha tuangalie kazi yenyewe. Vitabu vya kiada mara nyingi havitoshi kupelekwa nyumbani, kwa hiyo mtoto hana budi kunakili. Mtoto wa darasa la tatu anayeandika polepole hufika nyumbani na maswali sita badala ya kumi, na mawili kati ya hayo ameyanakili vibaya. Hata angekuwa na mzazi profesa, asingeweza kupata jibu la swali ambalo halikuulizwa. Tena darasa likiwa na watoto 80 au 90, mwalimu hawezi kusahihisha madaftari yote kila siku. Hupitia kwa kuangalia tu nani ameandika na nani hakuandika. Watoto huligundua hilo upesi kuliko tunavyodhani, na nusu yao hunakili kwa wenzao chini ya mti kabla ya paredi ya asubuhi.

Asiyenakili huchapwa. Hapa twaomba wanachuo wawe na hadhari, maana jambo hili wengi huliiga kwa walimu waliowatangulia bila kujua sheria yasemaje. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zimeruhusu viboko kwa kosa kubwa tu, visizidi 4, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kumbukumbu iwekwe. Mwanachuo aliye kwenye mazoezi hana ruhusa hiyo. Wala kutofanya hesabu za nyumbani hakuwezi kuitwa kosa kubwa, hasa kwa mtoto ambaye usiku ule nyumbani kwao hapakuwa na taa.

Wako watakaotuuliza: Je, basi tuziache kazi za nyumbani kabisa? Ufaransa ilikwisha jaribu. Kwa waraka wa mwaka 1956 ilikataza kazi za kuandika nyumbani katika shule za msingi, na hata hivyo walimu wengi waliendelea kuzitoa, wazazi nao wakizidai. Mmarekani Harris Cooper na wenzake, walipokusanya tafiti za nchi yao mwaka 2006, waliona kwamba uhusiano kati ya kazi za nyumbani na maendeleo ya mwanafunzi ni dhaifu zaidi kwa watoto wadogo kuliko kwa wale wa sekondari. Hilo latosha kutuonya tusitoe nyingi. Lakini hatukubali kuziacha. Shule zilipofungwa Machi 17, mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, zikakaa hivyo hadi Juni 29 kwa shule za msingi, masomo yalipitia redioni na kwenye televisheni, na sehemu kubwa ya watoto wetu hawakuwa na kitu isipokuwa nyumba yao. Nyumba ambayo haikuzoezwa kushiriki katika masomo haikujua la kufanya.

Tunachotaka ni kazi ambayo nyumba inaiweza. Chukua somo la vipimo katika Hisabati. Badala ya maswali kumi, mpe mtoto moja tu: akaulize nyumbani ni visado vingapi hujaza debe moja. Swali hilo halihitaji taa. Bibi asiyejua kusoma ndiye mjuzi wake, kwa sababu amepima mtama na uwele maisha yake yote, na mama auzaye sokoni ana la kusema kuliko afisa. Kesho yake watoto wataleta majibu yanayotofautiana. Mmoja kwao hupima kwa kusawazisha juu ya kisado kwa kipande cha mti, mwingine kwao hukijaza mpaka kikafanya kilima. Na debe nalo lina lumbesa. Hapo mwalimu amepata somo zima: kwa nini majibu hayalingani, nani anafaidi na nani anapunjwa, na kwa nini watu walihitaji lita na kilo zisizobadilika. Tumewahi kuona darasa likibishana juu ya jambo hilo hata kengele ikalia na hakuna aliyeinuka. Maswali kumi ya kitabuni hayajapata kuleta ubishi wa namna hiyo.

Katika kusoma, mpe mtoto hadithi fupi aisome darasani mpaka aizoee, kisha aende kumsimulia mtu mzima yeyote, kwa Kiswahili au kwa Kigogo au kwa lugha nyingine ya nyumbani. Kesho aeleze kwa Kiswahili msikilizaji alicheka wapi, au aliuliza nini. Kigogo kisitutie hofu. Mtoto awezaye kuigeuza habari kutoka lugha moja kwenda nyingine ameielewa, na yule anayeikariri tu atakwama katika sentensi ya pili. Ziada yake ni kwamba bibi ameshiriki katika somo bila kuaibishwa. Tabia ya kudai sahihi ya mzazi katika kila ukurasa haitupendezi hata kidogo. Mtu mzima asiyejua kuandika hulazimika kumwomba mtoto amwekee sahihi, na kwa hivyo shule imemfundisha mtoto kughushi.

Mzazi naye aambiwe waziwazi anachotakiwa. Amsikilize mtoto hadi mwisho bila kumkatiza, amwulize swali moja, na kazi za nyumbani akimpangia amwachie muda mdogo wa nuru. Dakika 15 zinatosha kwa madarasa ya chini. Wala mzazi aliyesoma asimfanyie mtoto kazi. Tumeona madaftari yenye mwandiko wa watu wazima, yakapata alama zote.

Kuhusu alama, ushauri wetu ni kwamba kazi ya nyumbani isiingizwe katika alama za muhula. Mwalimu aitumie kama mlango wa kuingilia somo la siku inayofuata. Aliyekuja bila kitu akae na aliyekuja na kitu, asikilize, aongeze la kwake. Atakayekosa siku tatu mfululizo aitwe faragha aulizwe mambo ya nyumbani kwao, kwa upole, pasipo kumfanya aiseme umaskini wao mbele ya wenzake.

Mkutano wa kwanza na wazazi usiwekwe asubuhi ya siku ya kazi katika mwezi wa palizi. Katika Kizota alasiri ya Jumapili huwafaa wengi zaidi, nao mwanachuo aombe kwa mwalimu mkuu nafasi ya kuzungumza walau dakika 10, aje na kisado na debe mkononi, awaombe akina mama wamwonyeshe namna wanavyopima.